Mama Ndege Ana Maana Ngapi? Njia Nne za Kusoma Taswira za Shairi Moja

Kila ninaporudisha karatasi za ushairi, darasa langu hugawanyika makambi. Mmoja ameandika kwamba ndege ni mama mzazi. Jirani yake ameandika kwamba ndege ni Uganda. Wa tatu ameeleza mabawa na mdomo kana kwamba yuko kwenye kipindi cha bayolojia, na wa nne amemaliza yote kwa neno moja: Mungu. Halafu wote wananijia mezani na swali lile lile: Mwalimu, jibu lenyewe ni lipi?

Nafundisha Kiswahili mashariki mwa Uganda, si mbali na Mbale. Darasani wamo Wagisu, Wanyole, Wateso na Wagwere. Tangu mtaala mpya wa mwaka 2020 ulipokifanya Kiswahili kuwa somo la lazima kwa S1 na S2 (miaka miwili ya mwanzo ya sekondari), wanaouliza swali hilo wamezidi, na wengi wao wanakutana na shairi la Kiswahili kwa mara ya kwanza maishani. Kwao nimeamua kuziweka njia zote nne mezani, kila moja ipimwe kwa mizani ile ile, mtu achague akijua anachochagua.

Shairi nitakalotumia ni dogo, na nililitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa. Nimetumia langu kwa sababu naweza kulichana bila kumvunjia mtu heshima. Lakini usinitegee sikio uone mimi nilikusudia nini. Kalamu ilipowekwa chini nilibaki msomaji kama wewe.

Mama ndege yuko pale, katikati ya majani,
Kilemba chake ni kile, cha dhahabu utosini,
Mguu kaweka mbele, wa pili umo majini,
Hafumbi jicho halali, makinda hawajaruka.

Kinamasi chakauka, mpunga wapandwa nyuma,
Matete yamekatika, kiota kimesimama,
Mwewe juu azunguka, kivuli chapita hima,
Hafumbi jicho halali, makinda hawajaruka.

Chakula akakileta, mdomoni kakibana,
Kila kinda akapata, yeye hajala mchana,
Kwa bawa awakumbata, radi zinapopigana,
Hafumbi jicho halali, makinda hawajaruka.

Siku moja watapaa, juu ya mto na mwitu,
Mama chini atakaa, kiotani hana kitu,
Nyota zikishazagaa, atalinda utupu tu,
Hafumbi jicho halali, makinda wamesharuka.

Kabla ya yote, "halali" hapa ni kitenzi kulala kikikanushwa: hafumbi jicho, halali. Mwanafunzi wangu mmoja alilisoma kama sifa, jicho lililo halali, akanijazia nusu ukurasa kuhusu macho ya haramu. Nilimpa alama za juhudi. Mshairi akibana maneno kwa ajili ya mizani (hesabu ya silabi), mkato unaokosekana unaweza kumpeleka msomaji mbali sana.

Tutapima kwa nini

Wengi huchanganya taswira na jazanda. Taswira ni picha inayojengeka akilini kwa njia ya hisi: unaona kilemba, unasikia radi, unahisi bawa likikukumbata. Jazanda ni picha hiyo inaposimama mahali pa kitu kingine. Njia nne zinazofuata zinakubaliana juu ya taswira. Zinagombana juu ya jazanda tu, na ukilijua hilo nusu ya ugomvi imekwisha.

Kila njia nitaiuliza maswali matano. Inashika maneno mangapi ya shairi? Inakutaka ujue nini ambacho hakimo shairini? Inakwama wapi? Inakijibuje kiitikio? Na inamfaa nani?

Swali la kiitikio ndilo ninalolipenda kuliko yote. Beti tatu zinafungwa na "makinda hawajaruka", na hiyo ndiyo sababu ya mama kukesha. Ubeti wa nne unasema "wamesharuka". Sababu imeondoka, lakini jicho bado halijafumbwa. Msomaji asiyeliona badiliko hilo la silabi chache amesoma beti tatu akadhani amesoma nne. Basi kila njia na itueleze: huyu mama anakesha kwa nini tena?

Njia ya kwanza: ndege ni ndege

*Inashika maneno mangapi.* Mengi kuliko njia nyingine yoyote. Majani, matete, kinamasi, mpunga na mwewe, vyote utaviona ukitoka Mbale asubuhi ukashuka kuelekea bonde la Namatala. Kilemba cha dhahabu kinatuambia hata ni ndege gani: korongo taji, ambaye kwa Kiganda huitwa ngaali, na ambaye ukoo mzima wa Buganda unachukua jina lake na kumheshimu kama mwiko. Ubeti wa pili nao si pambo. Korongo taji hutaga kwenye majani marefu ya kinamasi, na huku kwetu mashariki vinamasi vingi vimegeuka mashamba ya mpunga. Mwaka 2012 ndege huyu aliwekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Kwa anayesoma kwa njia hii, "kiota kimesimama" ni maneno ya kutisha. Kiota cha korongo hakitakiwi kuonekana kimesimama, kinatakiwa kufichwa. Matete yamekatwa, sasa mwewe anakiona.

*Inadai ujue nini.* Umjue ndege, na hapa watoto wa vijijini wananishinda mimi na shahada yangu. Wanajua kwamba korongo hutembea wawili wawili, na kwamba sauti yake husikika kabla hujamwona. Mengine utayapata vitabuni: kwa kawaida hutaga mayai mawili hadi manne, huyaatamia kwa muda wa kama mwezi mmoja, na makinda huchukua zaidi ya miezi miwili kabla ya kuruka.

*Inakwama wapi.* Inakwama mahali pengi, na ndiko uhondo uliko. Korongo dume hushika zamu ya kuatamia sawa na jike, lakini katika shairi baba hayupo hata kwa herufi moja. Makinda wa korongo huacha kiota mapema wakawafuata wazazi wao majanini. Hawakai kiotani midomo wazi wakingoja kuletewa, kama makinda wa kwera. Korongo ana makelele, lakini mama wa shairi hatoi sauti tangu mwanzo mpaka mwisho; sauti pekee shairini ni ya radi. Na korongo taji wana uwezo ambao korongo wengi duniani hawana: wanaweza kulala juu ya miti. Huyu wetu "chini atakaa".

Mwanafunzi mvivu atasema mtunzi hamjui ndege. Mwenye makini atauliza: kwa nini baba kaondolewa, kwa nini mama kanyamazishwa, kwa nini kabakizwa chini? Kila mahali shairi linapomwacha ndege wa kweli, hapo unauona mkono wa mtunzi ukifanya kazi. Usingeuona kama usingemjua ndege kwanza.

*Kiitikio.* Hapa njia hii inahema. Korongo wadogo wakishajua kuruka huendelea kuandamana na wazazi wao kwa miezi, kwa hiyo kile kiota tupu chenye mama mpweke hakiko Namatala. Unaweza kusema anakesha kwa sababu kinamasi kimekwisha na mwewe bado yupo. Inawezekana, ila ubeti wa nne wenyewe haumtaji mwewe.

*Inamfaa nani.* Anayeanza ushairi. Pia yule mwepesi wa kufasiri, anayekimbilia maana ya ndani kabla hajaona cha nje. Huyo, njia hii humlazimisha akae na maneno yenyewe japo kwa dakika kumi.

Njia ya pili: ndege ni mama mzazi

*Inashika maneno mangapi.* Karibu yote, na bila kuyanyonga. Neno "mama" limeandikwa waziwazi, halikufichwa. Kilemba kinahama kutoka kwenye manyoya kikawa kitambaa alichojifunga mwanamke alfajiri. Mguu mmoja mbele, wa pili majini: ni mtu anayechota maji huku ameshageukia nyumbani. "Yeye hajala mchana" haihitaji mwalimu. Nimeona darasa la watoto sitini likinyamaza kwenye mshororo huo, kila mmoja akiwa na mtu wake kichwani.

Kutokuwapo kwa baba, kulikoisumbua njia ya kwanza, hapa kunageuka ushahidi. Nyumba nyingi tunazozijua zina mama aliyebaki peke yake na makinda. Ukimya wake pia: hana wa kumlalamikia.

*Inadai ujue nini.* Kidogo sana, maana kila mtu amezaliwa. Ila utamaduni wa lugha utakusaidia. Waswahili wamekuwa wakimtumia ndege kuusema uzazi tangu zamani: "Teke la kuku halimuumizi mwanawe," husema, yaani ukali wa mzazi haukusudii kudhuru. Ukilijua hilo utaona kwamba mama wa shairi hili hana teke hata moja. Ni mpole kupita kuku. Je, huyo ni mama wa kweli, au ni mama wa kwenye kadi ya salamu?

*Inakwama wapi.* Hapo hapo. Njia hii inateleza haraka kuwa wimbo wa kumsifu mama, na sifa huua usomaji. Kiswahili kina msemo wa kumvisha mtu kilemba cha ukoka, kumpamba kwa sifa zisizo na kitu ndani. Sasa mtazame vizuri korongo taji: ile taji ya dhahabu kichwani ni unyoya mgumu uliosimama kama majani makavu. Dhahabu kwa mbali, ukoka kwa karibu. Kila tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, ambayo kwetu ni sikukuu ya taifa, tunawavika akina mama vilemba kwenye majukwaa, na jioni wanarudi kupika. Msomaji wa njia ya pili asipokuwa mwangalifu anafanya hayo hayo kwa shairi.

Kikwazo kingine ni mwewe. Mwewe wa mama ni nani? Nimesoma karatasi zinazosema ni malaria, ni karo ya shule, ni mume mlevi, ni mama wa kambo. Kijana mmoja aliyehamia kwetu kutoka Kampala alisema ni kondakta, kwa kuwa mwewe kwa Kiganda ni kamunye, na kamunye ndilo jina ambalo watu wa mjini wamezipa teksi za abiria. Darasa lilicheka mpaka kengele ikagonga. Lakini fikiri: jazanda inayoweza kuwa kitu chochote haijawa kitu bado. Ukisema mwewe ni fulani, onyesha neno linalomfunga. Mimi naona maneno mawili tu: "juu" na "kivuli". Hatari ya mama huyu iko juu yake, na inamfikia kama kivuli kabla ya kufika yenyewe. Zaidi ya hapo tunabuni.

*Kiitikio.* Hapa njia ya pili inasimama imara. Mtoto kwa mzazi hakui. Anakesha kwa sababu kukesha kumekuwa umbo lake. Makinda walikuwa sababu ya kwanza, lakini mazoea yamebaki hata sababu ilipoondoka. Na "watapaa" kwa Mganda wa leo ni neno lenye injini. Msichana mmoja wa S4 aliandika kwamba makinda wameruka kutoka Entebbe kwenda kyeyo, yaani vibarua vya ng'ambo, na mama anahesabu saa za Uarabuni akingoja simu. Sikuwa nimeliona hilo nilipotunga. Mwenzake akambishia: kwao aliyeruka ni mama, makinda ndio waliobaki kwa jaja, yaani bibi yao. Alikuwa anaipindua jazanda nzima, na kwa sauti iliyonifanya nisimwambie kwamba shairi halisemi hivyo.

*Inamfaa nani.* Anayesoma kwa moyo, mwenye kutaka kulisoma shairi mbele ya watu, na mtahiniwa mwenye muda mfupi. Haimfai sana anayeandika insha ndefu, labda awe tayari kuipinga njia yake mwenyewe katikati ya safari.

Njia ya tatu: ndege ni nchi

*Inashika maneno mangapi.* Machache, lakini mazito. Korongo taji amekaa katikati ya bendera yetu, ndani ya duara jeupe, tangu Uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, na mguu mmoja kauinua. Tunafundishwa tangu shule ya msingi kwamba mguu ule maana yake ni kusonga mbele. Yumo pia kwenye ngao ya taifa, na timu ya taifa ya kandanda inaitwa The Cranes. Mganda akisoma "kilemba cha dhahabu utosini" halafu "mguu kaweka mbele", huwezi kumlaumu akisimama wima.

Tazama basi shairi lilivyoubadilisha mguu ule. Kwenye bendera mmoja umeinuliwa na mwingine hauelezwi. Shairini mmoja uko mbele na "wa pili umo majini". Nchi imepiga hatua, lakini nusu yake imenasa kwenye kinamasi, na kinamasi chenyewe kinakauka. Hiyo ni siasa ndani ya mizani kumi na sita, na sikulazimika kumtaja mtu.

*Inadai ujue nini.* Mengi. Historia ya nchi, alama zake, na desturi ya kufumba iliyo ya zamani katika ushairi wa Kiswahili. Muyaka wa Mombasa, katika karne ya 19, alijibizana kwa mafumbo na wapinzani wa mji wake, na waliohusika walielewa vizuri nani kapigwa. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Msomaji asiyeijua desturi hiyo atadhani njia hii ni ya kujitafutia makuu.

*Inakwama wapi.* Ubeti wa tatu. Katika mambo ya nchi, anayeleta chakula ni raia, na nchi ndiyo hula. Kusema nchi "hajala mchana" ili makinda washibe, mtu atakuuliza umeishi wapi. Unaweza kujitetea kwamba shairi linaonyesha nchi inavyopaswa kuwa, au linakejeli. Kejeli lakini inahitaji alama, na mimi sioni alama ya kejeli kwenye ubeti ule. Una huruma tupu.

Na mwewe tena. Kwenye njia hii mwewe ni kishawishi kibaya, kwa sababu kila msomaji ana mwewe wake wa kisiasa tayari mfukoni. Wakati huo hasomi shairi, anasoma hasira zake. Sisemi asiwe na hasira.

*Kiitikio.* Jibu lake ni la kushtua kuliko yote. Ikiwa vijana wamesharuka, mto na mwitu vikabaki nyuma, basi jicho lisilofumbwa linalinda nini? "Atalinda utupu tu." Ulinzi ulioanza kama upendo umebaki ulinzi mtupu. Njia ya pili inaona hapo mama mwenye majonzi. Njia ya tatu inaona mlinzi aliyesahau alikuwa analinda nini. Maneno ni yale yale.

*Inamfaa nani.* Wanafunzi wa S5 na S6, vilabu vya midahalo, na yeyote anayeandika uhakiki wa kurasa kadhaa. Haimfai anayesoma shairi kwa mara ya kwanza, wala anayetafuta kuthibitisha alichokwisha kukiamini.

Njia ya nne: ndege ni Mungu

Hii nitaipitia upesi, ingawa wanafunzi wengi huianza nayo.

*Inashika maneno mangapi.* Machache, ila yanang'aa. Kiitikio chenyewe kinaita maandiko. Zaburi ya 121 inamtaja mlinzi asiyesinzia wala kulala, na Ayatul Kursi, aya ya Kurani, inasema usingizi na kusinzia havimshiki. Bawa la ubeti wa tatu liko kwenye Zaburi ya 91, na kwenye Injili ya Mathayo, Yesu anapoilinganisha hamu yake na kuku akusanyaye vifaranga chini ya mbawa.

*Inadai ujue nini.* Maandiko, na uyajue kwa usahihi. Kuna jambo ambalo wengi hulipita: katika Sura ya Al-Israa, aya ya 24, bawa ni la mtoto, anayeamriwa awainamishie wazazi wake bawa la unyenyekevu kwa huruma. Ukiwa na aya hiyo, unaweza kuwauliza makinda wa ubeti wa nne: mlipaa juu ya mto na mwitu, bawa la kumwinamishia mama mliliacha wapi?

*Inakwama wapi.* Mungu hakosi chakula cha mchana, na habaki "hana kitu". Ubeti wa nne unaivunja njia hii katikati, labda useme mungu wa shairi ni mpweke, na hapo jiandae kwa mjadala na mchungaji au sheikhe wako.

*Kiitikio.* Anakesha kwa sababu ndiyo sifa yake, makinda wawepo wasiwepo. Jibu ni jepesi, na kwa waumini linatosha.

*Inamfaa nani.* Anayelisoma shairi ibadani au msibani. Kwenye mtihani njia hii inahitaji tahadhari, maana wengi wakishaandika "Mungu" hukoma kunukuu.

Uchague ipi, kulingana na ulipo

Kama mtihani ni kesho, shika njia ya pili, lakini anza na aya moja ya njia ya kwanza: taja kilemba, kinamasi, matete, mwewe, useme ni taswira za kuona, kisha uonyeshe jinsi zinavyomwelekea mzazi. Msahihishaji anatafuta maneno yaliyonukuliwa. Dai moja lenye mishororo miwili chini yake linashinda madai matano yanayoelea.

Kama una wiki nzima na karatasi ya kutosha, ziweke ya pili na ya tatu zitazamane kwenye "atalinda utupu tu", uone ni ipi itapepesa macho kwanza. Usijitie kuzipatanisha. Insha nzuri kabisa niliyowahi kuisahihisha ilimalizika mwandishi akikiri kwamba ubeti wa tatu unamkatalia.

Kama unafundisha S1 na watoto wanaogopa neno "jazanda", waache na ndege. Waambie wachore kiota kabla ya matete kukatwa na baada. Atatokea mmoja atakayeuliza baba yuko wapi, na hapo somo la sitiari litakuwa limeanza bila wewe kuliita kwa jina. Mimi huwa nawaachia mpaka waulize, hata kipindi kikiisha; nimewahi kungoja siku tatu.

Darasa lenye Waislamu, Waanglikana, Wakatoliki na Walokole pamoja, kama langu, linaweza kuanzia njia ya nne bila wasiwasi. Kila upande utaleta bawa lake, kisha ubeti wa nne utawalazimisha wote watafute pa kwenda.

Wewe mwenye kutunga, unayetaka kuandika mama ndege wako mwenyewe, soma kwa njia ya kwanza mpaka uchoke. Mjue ndege wako kwanza ndipo uamue wapi umdanganye. Mimi nilimwondoa baba na kumnyamazisha mama nikijua korongo hayuko hivyo. Yale mambo ya kiotani na midomo niliyafanya kwa kutojua, na mwanafunzi mmoja wa Butaleja, ambako mashamba ya mpunga ya Doho yamepakana na matete, ndiye aliyenisahihisha.

Na kama unataka tu kumsomea mtu unayempenda, msomee bila kueleza njia yoyote. Nilimsomea mama yangu kwa simu. Yeye Kiswahili alikipata sokoni Malaba, si shuleni, na vina vilimfurahisha kuliko maana. Nilipofika mwisho alinyamaza, nikadhani ubeti wa nne umemgusa, nikajiandaa kumpa pole. Akaniambia nirudie ubeti wa pili. Nikaurudia.

"Huo mpunga uliopandwa nyuma," akauliza, "ni wa nani? Na yeye ana watoto wangapi?"

Madarasa yote niliyowahi kuyafundisha, hakuna lililouliza swali hilo.